Uyoga Usio na Jina: Mwongozo kwa Anayetaka Kuuingiza Vitabuni

Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani huota kwenye vichuguu vya Zambia na nchi jirani, na kofia yake iliyokomaa inaweza kufika mita moja kwa upana, pana kuliko ungo wa kupepetea mchele. Watu wameula na kuuza kando ya barabara vizazi na vizazi. Sayansi ilikuja kuupa jina, *Termitomyces titanicus*, mwaka 1980, pale wataalamu wa kuvu Pegler na Piearce walipoandika maelezo yake. Kama kitu cha ukubwa huo kilikaa bila jina la kitaalamu hadi zama za ndege za jeti, fikiria vilivyo vidogo kama kidole.

Kwa hiyo usidhani kwamba spishi mpya hupatikana kwa kupasua pori ambalo halijawahi kukanyagwa. Mara nyingi iko njiani, au ndani ya kikapu cha mama anayeuza uyoga wakati wa mvua. Mwaka 2014 watafiti wawili walichunguza pakiti ya uyoga mkavu kutoka China iliyonunuliwa dukani London, wakakuta ndani yake spishi tatu ambazo hazikuwa na jina. Kuvu zilizokwisha kupewa majina duniani ni kama 155,000. Zilizobaki hukadiriwa kuwa milioni mbili au tatu, na kila mwaka huongezwa majina kama 2,500 tu. Kinachokosekana ni kumbukumbu: uyoga uliookotwa vizuri, ukaandikwa ukiwa mbichi, ukakaushwa, ukahifadhiwa mahali ambapo mwingine anaweza kuuona miaka hamsini baadaye. Kazi hiyo unaweza kuianza wewe, uwe mwanafunzi, mwalimu, afisa misitu au mkazi wa kijiji kilicho pembezoni mwa msitu. Hadubini na maabara huja baadaye, na unaweza kuviazima. Saa za kwanza baada ya kuokota haziazimiki.

Wapi, lini

Nitazungumzia zaidi misitu ya miombo, maana ndiyo yenye utajiri wa uyoga mkubwa unaoonekana kwa macho. Miti kama mtundu, mkusu na mkongo huishi kwa ushirika na kuvu. Nyuzi za kuvu huvika ncha za mizizi, huupa mti maji na madini, nao mti huzilisha sukari. Ndipo zinapotoka *Russula*, *Lactarius*, *Amanita* na *Cantharellus*, makundi ambayo bado yana spishi nyingi zisizoandikwa. Misitu minene ya milimani, kama ya Usambara na Uluguru, ina miti ambayo kwa sehemu kubwa hushirikiana na kuvu za aina nyingine, zisizotoa uyoga wa kuonekana. Ukiingia huko tazama zaidi magogo, matawi yaliyoanguka na majani yanayooza. Mashamba ya misonobari, kama yale ya Sao Hill, yasikupotezee muda: miti ile ililetwa kutoka nje pamoja na kuvu zake, na unachookota pale kwa kawaida kina jina la Ulaya au Marekani tangu zamani.

Uyoga wa mchwa hutangulia mvua za mwanzo. Jamii za *Cantharellus* na *Russula* hufuata ardhi ikishalowa sawasawa. Rudi mahali pale pale mara kadhaa katika msimu, maana kinachoota leo kinaweza kisionekane wiki ijayo.

Kabla hujatia mguu msituni, omba ruhusa. Msitu wa kijiji una serikali ya kijiji, na msitu wa hifadhi wa serikali kuu nchini Tanzania uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ukitaka kufanya utafiti rasmi, hasa ukiwa na mshirika wa nje, utapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Sampuli hazivushwi mpaka bila vibali, na tangu Itifaki ya Nagoya ianze kutumika mwaka 2014 majarida mengi huuliza vibali hivyo kabla ya kuchapisha. Nimeona watu wakilichukulia jambo hili kama usumbufu wa ofisini. Lakini kazi nzuri isiyo na kibali hukwama mwishoni kabisa, ikiwa imekwisha kukugharimu misimu miwili.

Ukiwa msituni

Beba kikapu au tenga, kisu kirefu, magazeti ya zamani au karatasi ya foili, rula, penseli, daftari, na simu yenye GPS. Usitumie mfuko wa nailoni. Uyoga hutoa jasho, hupondeka, na jioni unafika nyumbani na uji. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019 nchini Tanzania iliwafaa waokota uyoga bila wao kuulizwa.

Piga picha kabla ya kung'oa, kisha fukua. Neno ni kufukua, si kuvunja. Nusu ya utambulisho wa *Amanita* iko ardhini, katika kile kikombe kinachobaki shinani baada ya uyoga kuchomoza. Na *Termitomyces* nyingi zina mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye sega la mchwa ndani ya kichuguu, nao una umbo linalosaidia kutenganisha spishi. Ukikata juu ya ardhi kama wafanyavyo wapishi, umeacha ushahidi chini.

Chukua uyoga mchanga na uliokomaa, ila wote kutoka mahali pamoja. Hapa pana sheria, si ushauri tu. Jina jipya la kuvu hufungwa kwenye mkusanyo mmoja: watu walewale, siku moja, mahali pamoja, uyoga wa aina moja. Ukichanganya chini ya namba moja uyoga wa chini ya mtundu na mwingine wa kando ya kijito kwa sababu unafanana, unaweza kuwa umeunganisha spishi mbili, na atakayekuja kuufungua mfuko wako hatajua jina linahusu upi. Ukiwa na shaka kidogo tu, toa namba mbili.

Andika mti ulio karibu, na kama huujui, chukua jani lake. Andika kama umeota kwenye udongo, gogo, mavi ya ng'ombe au kichuguu. Funga kila mkusanyo peke yake, tia kipande cha karatasi chenye namba, uendelee. Namba iwe yako na isijirudie maishani: herufi za jina lako na hesabu inayoendelea inatosha. Usiandike jina la uyoga mahali pa namba, hata kama una hakika nalo.

Na waulize wanaookota. Katika nchi ya miombo wengi wao ni akina mama na watoto, na huujua uyoga kwa msimu, mti, harufu na namna unavyopikwa. Uliza jina kwa lugha yao, andika lugha hiyo na kijiji, kisha muulize mtu mwingine kando bila kumtajia jibu la kwanza. Wakati mwingine utakuta wazee wanatenganisha majina mawili pale ambapo kitabu kina moja. Usiwasahihishe. Andika, maana huenda kitabu ndicho kilichokosea. Waambie pia utafanya nini na maelezo yao, na kama mtu amekuonyesha uyoga usioujua, jina lake liwekwe kwenye kazi kwa ridhaa yake.

Neno la usalama. Kugusa uyoga hakudhuru, hata ule wenye sumu kali, kwa hiyo shika bila woga. Lakini usionje kwa ajili ya utafiti. Wataalamu wa *Russula* huonja na kutema, ila wao wanajua wanachoshika. Sumu ya baadhi ya *Amanita* hukaa kimya saa 6 hadi 24, mtu akaona yuko salama, kumbe ini linaharibika, na kupika hakuiondoi.

Jioni ile ile

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi huchoka, wakauweka uyoga juu ya meza na kusema watauandika kesho. Kesho rangi imebadilika, harufu imekwenda, na funza wamekwisha kula shina.

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji huko Kongo, Bibi Goossens-Fontana alikusanya uyoga na kuuchora kwa rangi za maji ukiwa mbichi. Wataalamu wa kuvu Beeli, na baada yake Heinemann, walitumia sampuli na michoro yake kuandika spishi nyingi. Sampuli zile sasa ni vipande vya kahawia, lakini mtu akitaka kujua kofia ilikuwa na rangi gani siku ilipookotwa, mchoro uko Ubelgiji na unasema. Huhitaji kujua kuchora. Kamera ya simu inakutosha, mradi uweke karibu na uyoga karatasi nyeupe na rula, upige kwenye kivuli badala ya jua kali au taa ya umeme, na upige kofia juu, kofia chini, shina zima, na mkato wa wima kutoka juu hadi mzizini.

Kisha andika kile ambacho kamera haioni. Kofia inateleza, ina vumbi, ina magamba yanayofutika kwa kidole? Matamvua, yaani zile bapa nyembamba za chini, yamebana au yameachana, yanashuka kwenye shina au yanakoma kabla ya kulifikia? Au hakuna matamvua, kuna vitundu kama sifongo, au mikunjo tu kama ya *Cantharellus*? Kata nyama uangalie saa. Baadhi hugeuka bluu kwa sekunde chache, nyingine hukaa dakika tano ndipo zikawa nyekundu halafu nyeusi. Andika rangi na muda. *Lactarius* ikikwaruzwa hutoa utomvu, nao pia huweza kubadilika rangi hewani. Nusa, halafu andika harufu kwa maneno yako: samaki, unga mbichi, embe, dawa ya hospitali. Mtu akiandika "harufu ya kawaida ya uyoga" hajasaidia, kwa kuwa hakuna harufu ya namna hiyo.

Kofia moja ikate kutoka shinani, ilaze matamvua yakitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Asubuhi spora zitakuwa zimeanguka na kuchora alama. Alama nyeupe haionekani kwenye karatasi nyeupe, ndiyo sababu ya nusu nyeusi. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa: *Amanita* hutoa nyeupe, *Termitomyces* hutoa ya waridi, *Agaricus* hutoa kahawia iliyokolea kama chokoleti. *Chlorophyllum molybdites*, uyoga mweupe mkubwa wa viwanjani ambao umewatapisha watu wengi waliodhani ni wa kula, hutoa alama ya kijani. Kunja karatasi hiyo na uihifadhi pamoja na sampuli. Spora zilizoanguka zenyewe zimekomaa, na ndizo zitakazopimwa.

Kabla ya kukausha, kata kipande kidogo cha nyama safi ya ndani, kama punje ya mchele, ukitumia kisu kilichofutwa kwa spirti. Kitie kwenye kichupa chenye punje za silika. Hicho ndicho cha vinasaba. Usitumie formalini, kwa sababu huharibu vinasaba na hutaweza kuvirudisha.

Sasa kausha. Joto linalofaa ni nyuzi 40 hadi 45, na hewa lazima ipite. Kikaushio cha umeme cha matunda ni kizuri sana. Mahali pasipo umeme, chekeche la waya juu ya jiko la mkaa lenye moto hafifu sana hufanya kazi, mradi liwe juu vya kutosha na kiganja chako kivumilie pale bila taabu. Kosa la kawaida ni haraka: moto ukizidi uyoga hupikwa, chembechembe zake huvurugika, na hadubini haitaona kitu cha maana. Uyoga mnene ukate vipande vya wima. Umekauka pale unapovunjika kwa mlio, si pale unapopinda. Utie kwenye mfuko wa karatasi ndani ya chombo kinachofunga, pamoja na silika na lebo. Ukipata friza, ulaze humo wiki moja ili mayai ya wadudu yafe.

Hadubini na vinasaba

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu utaijifunza kwa kukaa na mtu anayeijua. Katika hadubini ya kukuza mara 1,000 yenye mafuta, kipande chembamba cha tamvua kilicholoweshwa kwa potasiamu haidroksaidi huonyesha spora na seli zinazozizaa. Pima spora zisizopungua 20 au 30 kwa kila mkusanyo, urefu na upana. Kwa *Russula* tumia kimiminika cha Melzer, chenye iodini: vinundu na matuta ya juu ya spora hugeuka bluu-nyeusi, na mpangilio wake husaidia kutenganisha spishi zinazofanana kwa macho.

Kwa vinasaba, kipande kinachosomwa kwanza huitwa ITS, na mwaka 2012 kilipendekezwa rasmi kuwa kitambulisho cha kuvu. Huwa na herufi 500 hadi 700 hivi. Ukishapata mfuatano wako utaulinganisha na ile iliyomo katika hazina za mifuatano za GenBank na UNITE. Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, mifuatano mingi iliyomo GenBank imebandikwa majina yasiyo sahihi, na jina la Ulaya kwenye uyoga wa Afrika linapaswa kukutia shaka papo hapo. Pili, watu hupenda kusema kwamba tofauti ya asilimia tatu ni spishi nyingine. Hiyo ni kanuni ya kukisia. Kuna spishi zinazotofautiana kidogo mno, na kuna jenasi kama *Cantharellus* ambamo ITS ni ndefu na ngumu kusoma, kiasi kwamba wataalamu hugeukia jeni nyingine iitwayo tef1. Umbo, mahali na vinasaba vikisema jambo moja, endelea. Vikipingana, rudi msituni msimu ujao.

Je, kweli ni mpya?

Swali hili hugharimu muda kuliko yote, nalo huulizwa kinyume na watu wanavyotarajia. Huthibitishi kwamba uyoga wako ni mpya. Unathibitisha kwamba si huu, si ule, si ule wa Katanga, si ule wa Malawi, hadi orodha inaisha. Miombo haijui mipaka: inaanzia Angola inapita Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji hadi Tanzania, na uyoga wa Tabora unaweza kuwa na jina lililotolewa Lubumbashi kabla babu yako hajaoa.

Anza na kitabu cha Pegler cha 1977 kuhusu uyoga wenye matamvua wa Afrika Mashariki, kisha kile cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi cha 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania. Pitia majalada ya Ubelgiji ya uyoga wa Kongo. Tafuta andiko la kwanza kabisa la kila spishi inayofanana na yako, na kama andiko halitoshi, omba kuiona sampuli yenyewe iliyobeba jina. Nyingi ziko katika herbaria, yaani hifadhi za sampuli kavu, za Kew, Meise, Paris au Helsinki, jambo linalowapa wanafunzi wetu mzigo ambao wenzao wa Ulaya hawaubebi. Siku hizi herbaria kadhaa hutuma picha na mfuatano wa vinasaba ukiomba kwa adabu na kueleza sababu.

Usitishwe na mabishano juu ya jenasi. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake waliipandisha *Afrocantharellus* kuwa jenasi kamili. Wengine baadaye wakairudisha ndani ya *Cantharellus*. Spishi zenyewe hazikuguswa, kilichohama ni kabati. Wewe shughulika kwanza na mpaka wa spishi yako.

Kutoa jina

Jina la kuvu mpya halihesabiki bila mambo haya: maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, sampuli moja iliyotajwa kuwa holotaipu, yaani ile inayobeba jina, na mahali ilipohifadhiwa, na namba ya usajili kutoka MycoBank, Index Fungorum au Fungal Names, sharti lililoanza tarehe 1 Januari 2013. Kisha yote yachapishwe mahali panapotambulika. Kiswahili hakimo katika lugha hizo mbili, lakini hakuna anayekuzuia kuambatanisha maelezo ya Kiswahili chini yake, na ningependa kuona hilo likifanywa mara nyingi zaidi.

Holotaipu ibaki nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina herbaria, na ile ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Ukiwa na uyoga wa kutosha, gawa mkusanyo na upeleke sehemu nje, maana moto au mafuriko hayachagui jengo.

Kuhusu neno lenyewe, adabu hairuhusu uuite kwa jina lako mwenyewe. Mahali ni chaguo salama: *Amanita masasiensis* ya Masasi na *Termitomyces singidensis* ya Singida ziliingia vitabuni mwaka 1994. Napendelea zaidi mfano wa *Lactarius kabansus*, uliochukua jina ambalo Wabemba walikuwa wakiuita tayari. Mzaha nao unaruhusiwa: kuvu moja ya Borneo inayofanana na sifongo iliitwa *Spongiforma squarepantsii* mwaka 2011, kwa heshima ya katuni ya televisheni.

Ukifika hatua ya kumwandikia mtaalamu, usimtumie picha moja ya kofia na swali "huu ni uyoga gani?" Tuma namba ya mkusanyo, mahali, mti, picha zote nne, rangi ya alama ya spora, na maandishi yako ya jioni ile. Jibu likirudi kwamba uyoga huo una jina tangu miaka ya 1930, andika jina hilo kwenye karatasi ya pili pamoja na tarehe na jina la aliyeutambua, uitie ndani ya mfuko, na uiache lebo ya kwanza kama ilivyo. Halafu muulize kama umewahi kurekodiwa nchini mwako. Kama bado, hiyo ni rekodi ya kwanza, nayo huchapishwa.